Simu haina sura

Kwenye simu tulielewana vizuri mno na mtu wa ofisi moja, kila sentensi naitwa "mheshimiwa". Nikafika ofisini kwao na ndala na shati lililopauka. Mtu yuleyule akanikagua kuanzia miguuni kwenda juu: "Subiri nje." Baadaye nilipotaja shida yangu akaitambua sauti, na kiti kikapatikana papo hapo!

Yeye hakunishangaza. Nilijishangaa mwenyewe. Pale nje nilishaanza kunywea, mabega chini, sauti ya kunong'ona, namwomba mlinzi samahani kwa kuuliza tu choo kiko wapi. Mtazamo wa mtu mmoja ulinitosha kujipunguza.

Ila wanaohubiri kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano wapunguze chumvi. Asilimia hiyo ilitoka kwenye majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, nayo yalihusu hisia, kama mtu anakupenda au hakupendi, hasa pale maneno, sauti na uso vinapopingana. Ingekuwa asilimia 7 kwa kila kitu, tungesikiliza hotuba za lugha tusizozijua na kuelewa karibu yote.

Na wale mnaobana pua mkiongea na mkubwa, mkimgeukia mfagiaji lafudhi inarudi nyumbani: tunawasikia.