Simu Moja, Bei Nne

Mwishoni mwa Oktoba 2024 mpwa wangu alipata nafasi ya chuo, na kwa kuwa kwetu mjomba ndiye anayetazamwa pale mtoto wa dada anapohitaji kitu, jukumu la kumnunulia simu likaniangukia mimi. Mwenyewe alikuwa ameshachagua: Samsung Galaxy A15, ya rangi ya bluu ikipatikana. Nilitoka nyumbani Shangani, hapa Mtwara, saa nane mchana nikiwa na shilingi 400,000 mfukoni, nikiamini kwamba kazi ingekwisha kabla ya adhana ya alasiri. Duka la kwanza, karibu na Soko Kuu, lilinitajia 430,000. Duka la pili, mlango wa tatu kutoka hapo, 465,000. Kijana mwenye kabati la kioo jirani na stendi ya Mkanaledi alisema 390,000, na kwamba tungeweza kuzungumza. Jioni nilimpigia rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam, naye akanijibu kwamba Kariakoo angeipata kwa 365,000. Laki moja nzima ilitenganisha bei ya juu na ya chini, kwa kitu ambacho wote wanne walikitaja kwa jina moja.

Nilirudi mikono mitupu na nikiwa na hasira, kwa sababu niliamini kwamba lazima mmoja wao alikuwa tapeli. Siku tatu zilizofuata nilizitumia kuuliza, kusoma maandishi ya kwenye maboksi, na kukaa dukani kwa yule mfanyabiashara wa kwanza, ambaye alikubali kunifungulia daftari lake la mzigo. Naandika niliyoyaona kwa sababu ndugu zangu wengi hapa Mtwara huuliza bei kabla ya kuuliza ni bei ya kitu gani.

Nianze na maboksi. Galaxy A15 si simu moja. Ipo ya 4G, ambayo boksi lake lina alama SM-A155F, na ipo ya 5G, ambayo alama yake huanza na SM-A156. Hata prosesa zake, yaani sehemu inayoendesha simu, ni tofauti, kwani ya kwanza hutumia Helio G99 na ya pili Dimensity 6100+. Zaidi ya hapo, kila moja hutoka kiwandani ikiwa na viwango mbalimbali vya RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika simu ikiwa kazini) na hifadhi. Duka la 465,000 lilikuwa na ya RAM GB 6 na hifadhi GB 128, ilhali duka la 430,000 lilikuwa na ya RAM GB 4 na hifadhi ile ile ya GB 128. Wauzaji wote wawili walikuwa wakweli. Mimi ndiye niliyeuliza swali pungufu niliposema tu, "A15 mnauzaje?"

Kijana wa Mkanaledi alikuwa amebandika kikaratasi chenye maandishi ya mkono: "RAM 8GB". Nilipoichunguza simu kwenye mipangilio, nilikuta GB 4 za kweli, na GB 4 nyingine zikiwa zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, utaratibu ambao siku hizi umeenea katika simu nyingi, zikiwemo Tecno, Infinix na itel. Hifadhi inayoazimwa haina kasi ya RAM yenyewe. Kuzijumlisha zote mbili na kuziandika kama namba moja ni jambo linaloniudhi kwa kweli, maana mtu anayetoa akiba yake ya miezi minne ana haki ya kujua anachonunua.

Hata hivyo, kijana yule hakunificha sababu kubwa ya bei yake kuwa ya chini. Simu zake zilitoka Dubai, zikaletwa na mtu aliyezibeba, na hazikuwa na waranti inayotambulika hapa nchini. Baadhi ya simu za Samsung zinazotengenezwa kwa ajili ya eneo fulani la dunia huwa na kibandiko kwenye boksi kinachoeleza kwamba lazima zianze kutumika kwa laini ya mtandao wa eneo hilo ndipo zikubali laini za kwingineko. Yeye alikuwa ameshafungua sili ya kiwandani ili kushughulikia jambo hilo. Kwa hiyo simu ilikuwa mpya, ila boksi lilikuwa limefunguliwa, na ikiharibika baada ya mwezi mmoja, hasara ingekuwa yangu peke yangu. Tofauti ya shilingi 40,000 kati yake na duka la Soko Kuu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, bei ya waranti.

Hapo ndipo nilipokumbuka yaliyotupata mwaka 2022. Nilimnunulia mke wangu simu katika duka moja ambalo sitalitaja, nikiambiwa kwamba ni mpya, kwa bei iliyokuwa chini ya wenzao wote. Baada ya miezi mitano, kifuniko cha nyuma kilianza kuinuka upande mmoja. Fundi alikipasha moto kidogo, akapitisha kipande chembamba cha plastiki pembeni, akakifungua, kisha akaniita nitazame mwenyewe. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, vichwa vya skrubu mbili vilikuwa vimekwanguka kwa bisibisi, na kuzunguka kioo kulikuwa na ukanda wa gundi iliyokauka, ya manjano, iliyopakwa kwa mkono. Ilikuwa simu iliyokwisha kutumika, ikafunguliwa, ikabadilishwa kioo na kutiwa kwenye boksi jipya. Siwalaumu wanaouza mitumba ya simu, kwani mtumba mzuri umewasaidia wengi, mimi nikiwemo; ninachokilaumu ni kuuza mtumba kwa jina la mpya.

Kinga ya kwanza ni kubonyeza *#06#, kusoma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inayotokea kwenye kioo, na kuilinganisha na iliyochapishwa kwenye boksi. Ya pili ni kuituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ambayo wengi tuliizoea wakati Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipojiandaa kuzizima simu bandia mwezi Juni 2016. Jibu hutaja kampuni na aina ya simu, na likitaja aina nyingine, funga mazungumzo. Kwa wanaonunua iPhone, tazama herufi ya kwanza ya namba ya modeli kwenye mipangilio: M huonyesha simu iliyouzwa ikiwa mpya, F iliyokarabatiwa, na N iliyotolewa badala ya nyingine iliyoharibika. Na kama bei ya iPhone 14 au ya matoleo ya baadaye imekushangaza kwa kuwa ndogo, angalia kama ina tundu la laini, maana zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia toleo hilo hazina.

Sasa nirudi kwenye daftari, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Mwenye duka alianza kwa kunisahihisha. "Mwalimu," akasema, "wewe unaiona simu moja, mimi naona mzigo." Mwezi Agosti alikuwa amenunua A15 tano Kariakoo kwa 372,000 kila moja. Rafiki yangu angepata kwa 365,000 kwa sababu anafahamiana na mwenye duka la jumla. Mtu mgeni anayeshuka kwenye daladala na kupokelewa na winga huongezewa cha juu cha winga huyo bila kujua, kwani winga hana duka, bali humshika mteja mkono na kumpeleka kwa mwenye nalo. Kutuma kifurushi kwa basi hadi Mtwara kulimgharimu 15,000, yaani 3,000 kwa kila simu. Kwa hiyo usafiri wenyewe, ambao sisi huku tumezoea kuusingizia kwa kila kitu, ulikuwa sehemu ndogo kabisa ya tofauti ile.

Kilichokuwa kizito ni muda. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita zaidi ya 550, na mfanyabiashara wa Mtwara hawezi kufuata simu moja moja kila mteja anapotokea. Anaweka fedha yake kabatini na kusubiri. Katika simu zile tano, mbili ziliuzwa ndani ya wiki mbili, na tatu zilikuwa bado zimekaa miezi miwili baadaye, huku kodi ya fremu, umeme na mshahara wa msaidizi vikiendelea kudai. Mwenzake wa Kariakoo anayeuza simu thelathini kwa siku anaweza kuridhika na faida ya shilingi 8,000 kwa simu moja. Huyu wa kwetu akiridhika na kiasi hicho, atafunga duka kabla ya Krismasi. Tena alinikumbusha mwezi Mei mwaka ule ule, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga: waliokuwa na akiba ya simu waliuza walivyotaka, na wasiokuwa nayo walibaki kuwaambia wateja wasubiri.

Kisha kuna dola. Simu huagizwa kwa dola, na mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700 kabla ya kushuka hadi karibu na 2,400 mwaka ulipokwisha. Maduka mawili yanayotazamana yanaweza kuwa na simu ile ile, moja ikiwa imenunuliwa dola ilipokuwa juu na nyingine ilipokuwa chini, na kila mwenye duka atapanga bei kwa kutazama fedha aliyoitoa yeye.

Kuhusu kodi nitasema machache. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18, na katika simu ya 430,000 iliyouzwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa, takriban shilingi 65,600 ni kodi hiyo. Simu iliyoingia nchini kwenye begi la msafiri bila kulipiwa haina mzigo huo, na ndiyo maana muuzaji wake hukuuliza kwa upole kama kweli unahitaji risiti. Mwaka 2021 serikali iliisamehe kodi hiyo kwenye simu janja, na mwaka 2022 msamaha ukafutwa. Katika maduka ninayopita mimi, sikuona bei ikishuka wakati wa msamaha ule, jambo lililoniuma, kwa sababu lengo lilikuwa sisi watumiaji.

Hapa kusini kuna sababu nyingine ambayo mtu wa Arusha hawezi kuitambua haraka, nayo ni korosho. Minada huanza Oktoba, na malipo yanapoingia kwenye akaunti za wakulima, Tandahimba, Newala na Masasi hubadilika sura. Wauzaji hutoka mjini na mizigo ya simu na kwenda kuuzia huko huko vijijini. Punguzo unaloweza kuomba mwezi Mei, ukapewa na soda juu yake, huwezi kulipata mwezi Novemba. Sioni kosa kwa mfanyabiashara kuvuna msimu unapofika, lakini nawasihi wakulima wetu wasinunue wiki ile ile ya malipo, maana hiyo ndiyo wiki ambayo bei husikiliza mfuko wa mteja kuliko gharama ya muuzaji.

Bei iliyo juu kuliko zote, hata hivyo, ni ile inayoonekana ndogo. Duka moja lilikuwa tayari kunipa A15 ya GB 4 kwa mkopo: kianzio 90,000, halafu 1,700 kila siku kwa mwaka mmoja, na usipolipa simu inajifunga. Elfu moja na mia saba ni nauli ya siku moja. Nilipozidisha kwa siku 365 nilipata 620,500, na pamoja na kianzio ikawa 710,500. Kwa asiyeweza kukusanya fedha yote kwa mkupuo huenda hiyo ndiyo njia pekee, nami sitamhukumu, ila muuzaji angepaswa kumtajia jumla hiyo kabla hajaweka kidole chake kwenye mkataba.

Siku ya nne nilirudi Soko Kuu. Tulipatana 420,000, nikaazima 20,000 kwa mke wangu, na mwenye duka akaandika namba ya IMEI kwenye kadi ya waranti, akanipa na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Ya bluu haikuwepo, hivyo tukachukua nyeusi.

Katikati ya Januari nilipita tena pale kununua kava. Mzigo mpya ulikuwa umefika, na A15 kama ile yetu ilikuwa inauzwa 395,000. Mlango wa tatu kutoka hapo, boksi la 465,000 lilikuwa bado kabatini, likiwa limeshika vumbi kwenye pembe zake.