Siku moja maishani mwangu: namimina chai katika Baraza la Malodi

Ndugu zangu wa Tanga huniuliza kwenye simu kama kweli nalipwa kuwahudumia wazee wanaosinzia London, yaani malodi, wajumbe wa baraza la juu la Bunge la Uingereza. Nawasimulia jinsi ilivyokuwa Jumatatu ya tarehe 22 Aprili 2024, mjionee.

Saa tano asubuhi naingia Westminster kwa mlango wa wafanyakazi, napekuliwa, navaa aproni. Kupanga meza, kufuta vijiko, kujaza sukari. Jikoni wote tunajua tutachelewa kutoka: Waziri Mkuu Rishi Sunak ametangaza kwamba Bunge litakaa hadi usiku wowote, mpaka muswada wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda upite.

Saa nane na nusu mchana askofu anaongoza sala, kikao kinaanza. Humo wamo maaskofu 26, majaji wastaafu, madaktari, wanasiasa wa zamani. Ni karibu watu 800, na hakuna aliyepigiwa kura na wananchi. Hilo silipendi, na huwa nalisema wazi.

Jioni kengele ya kura inalia. Vikombe vinaachwa vikifuka moshi, malodi wanakimbilia ukumbini kwa sababu milango hufungwa baada ya dakika chache. Mgeni wa lodi mmoja anabaki peke yake. Supu yake imepoa, anataka nyingine. Naleta, hii chumvi imezidi. Naleta ya tatu, anataka nikamwite mwenyeji wake. Namwambia, bwana, yuko kwenye kura, siruhusiwi kuingia. Ananipazia sauti mbele ya watu. Namezea, nafuta meza, naendelea.

Kuanzia hapo saa siitazami tena. Muswada umerudishwa kwa wabunge wa kuchaguliwa, kikao cha malodi kimesimama kusubiri majibu, na wote wamejaa kwangu. Chai, kahawa, maji ya moto, chai. Miguu inawaka. Mzee mmoja aliyepita miaka 80 ametandaza kurasa za marekebisho mezani, pembeni amejaza maandishi ya penseli, na mkono unamtetemeka akiinua kikombe. Ananiuliza, "Basi la kukurudisha nyumbani utalipata?"

Kinachowaweka macho ni hiki. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ilisema mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda si halali, maana wangeweza kurudishwa walikokimbia. Serikali ikaandika muswada unaotamka kwamba Rwanda ni salama. Malodi wanataka kamati huru ithibitishe kwanza, na Waafghani waliofanya kazi na jeshi la Uingereza wasipelekwe. Uwezo wa kuuzuia moja kwa moja hawana. Tangu sheria za 1911 na 1949 wanaweza kuchelewesha tu. Lakini serikali imelazimika kutoa ahadi kuhusu Waafghani wale. Wangelala majumbani mwao jioni ile, nani angeidai ahadi hiyo?

Karibu na saa sita usiku, kwenye runinga ya ukutani, Lodi Anderson, mwanasheria asiye na chama, anakubali kwamba sasa neno la mwisho ni la waliochaguliwa. Muswada umepita. Alhamisi mfalme akauridhia. Julai serikali mpya ikautupa mpango wote.

Mimi bado nina sinia za kuosha. Natoka nje na viatu mkononi, nimevaa raba, nawahi basi la usiku. Kesho zamu ni ileile.