Kipupwe cha Wete na theluji ya Ottawa

Januari ikiingia, huku kwetu Wete, kisiwani Pemba, kaskazi huvuma na joto hushitadi hata tukalazimika, baada ya sala ya Isha, kutandika jamvi barazani na kukaa nje mpaka vyumba vipoe. Saa hizo ndipo binti ami yangu, ambaye tumepishana miezi minne tu kuzaliwa, huniletea video akiwa amevaa koti linalomfika magotini, kofia ya sufu na glavu nene, akiteleza juu ya maji yaliyoganda katika mji wa Ottawa, nchini Kanada. Kwake huwa ni saa nane za mchana na kwangu ni saa nne za usiku. Aliondoka hapa pamoja na ami na mkewe tulipokuwa na umri wa miaka tisa, na sasa sote tuna miaka kumi na sita.

Anapotelezea ni kwenye mfereji uitwao Rideau. Majira ya joto hupita maboti, lakini baridi ikishika sawasawa maji huganda yakawa njia ya barafu yenye urefu wa kilomita 7.8, na watu wakaenda hata makazini juu yake wakiwa wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli. Pembeni huuzwa mkate bapa wa kukaanga, ulionyunyizwa sukari na mdalasini, ambao yeye anasema huula akiwa amefumba macho, kwa sababu harufu yake humrudisha jikoni kwa bibi. Msimu wa baridi uliomalizika mwaka 2023 mfereji haukufunguliwa hata siku moja, kwa kuwa barafu haikupata unene wa kutosha, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu njia hiyo ilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alihuzunika sana, nami wakati ule sikumuelewa. Sikuweza kufikiri kwamba mtu anaweza kuililia baridi.

Hata hivyo, sisi pia tulikuwa na baridi yetu, na tuliipenda kwa moyo wote. Kipupwe hutufikia baada ya masika, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapoleta ubaridi na alfajiri ikashuka karibu na nyuzi 22, nasi watoto tukajifunika kanga mbili mbili na kugombania nafasi karibu na jiko la bibi. Hayo ndiyo yalikuwa majira ya tiara. Tulizitengeneza kwa chelewa na karatasi za madaftari ya mwaka uliopita, gundi ikiwa ni unga wa ngano uliopikwa kwa maji, na mkia ukiwa ni vipande vya kanga chakavu ambavyo bibi alituchania mwenyewe. Binti ami yangu alikuwa mkimbiaji, mimi nilikuwa mshika uzi, na tiara ikinasa juu ya mkarafuu hatukulaumiana kamwe, bali tulikaa chini ya mti tukila kashata za nazi na kusubiri kaka mmoja apite atusaidie.

Mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa makarara. Nyuma ya nyumba ya bibi kuna mteremko kwenye shamba la mikarafuu, kama ilivyo milima mingi midogo ya Pemba, na majani yake hubaki na umande mpaka jua lipande. Tuliokota makarara ya minazi, yale maganda magumu yanayofunika kole, tukakalia ndani yake mmoja mbele na mmoja nyuma, tukateleza mpaka chini kwenye migomba. Tulirudi juu tukiwa tumelowa, tukapokewa kwa karipio na kikombe cha chai ya tangawizi. Jioni, karafuu zikiwa zimeanza kuchumwa, tulikaa pamoja na wakubwa tukichambua, karafuu huku na makonyo huku, na bibi akatuhadithia hadithi ndefu ambazo mara nyingi tulilala kabla hazijafika mwisho.

Mwaka jana nilimnunia binti ami yangu kwa miezi mingi bila yeye kujua sababu. Video zake zilianza kujaa marafiki wapya, wasichana wanaocheka kwa lugha ambayo mimi ninaisoma skuli lakini siwezi kuicheka, na kila alipoandika nilimjibu neno moja au nilisingizia mitihani. Wasichana wa umri wangu tukikaa faragha tunazungumza sana juu ya wavulana, nani kamtazama nani na nani kaandikiwa nini, lakini sijapata kumsikia hata mmoja wetu akikiri kwamba amemuonea rafiki yake wivu kwa sababu ya rafiki mwengine. Naamini wivu huo unauma kuliko ule mwengine, kwani hauna hata jina la kuutajia. Mama aliliona jambo hilo kabla sijamwambia. Alikuwa akikuna nazi, akasema bila ya kuniangalia: "Mwanangu, unagombana na mtu ambaye hajui kama kuna ugomvi."

Usiku ule nilimrekodia binti ami yangu sauti. Nilimwambia yote, kwamba nilidhani theluji imechukua mahali pangu, na nilitumia dakika sita kusema jambo la dakika moja. Jibu lake lilinijia alfajiri. Alinieleza kwamba msimu wake wa kwanza wa baridi aliupitisha dirishani, kwa sababu hakumjua mtoto yeyote na alikuwa akiona haya kusema. Kisha siku moja mwalimu aliwapeleka kwenye kilima chenye theluji, akapewa ubao wa plastiki, na alipoanza kuteremka alipiga ukelele: "Karara!" Watoto wote waligeuka wakamtazama, na hakuna aliyeelewa. Alilia palepale, na msichana aliyemkumbatia siku hiyo ndiye yule ninayemuona katika video. Sasa wote katika kundi lao wakiteremka hupiga kelele hiyo hiyo, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kuuona mnazi.

Niliisikiliza rekodi hiyo mara tatu kabla ya kwenda skuli. Tangu wakati huo tuna miadi ya kila Jumamosi, saa tatu asubuhi kwake na saa kumi na moja jioni kwangu, na nimejifunza majina ya marafiki zake na kuwauliza hali zao.

Inshaallah atakuja Julai, kwani likizo yao ndefu ya majira ya joto inaangukia katikati ya kipupwe chetu. Ameniagizia nimuwekee halua ya Wete na nimuulize bibi kama mteremko bado upo. Ijumaa iliyopita nilikwenda kuutazama. Upande mmoja umepandwa miche mipya ya mikarafuu, iliyokingwa kwa makuti, lakini katikati imebaki njia ya kututosha. Nimeokota makarara mawili makubwa, kwa kuwa hatutaenea tena katika moja, na nimeyaweka juu ya dari ya jiko ili mchwa wasiyafikie. Moja lina ufa mdogo upande wa mbele. Hilo nitalipanda mimi.