Usiku wa kutoka Barafu: angalia maji kwanza
Mnaoondoka kambi ya Barafu usiku wa manane kwenda kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895: mpira wa kunyonyea maji kutoka mfuko wa maji wa begini ndio huganda kwanza, hata kama mfuko wenyewe bado umejaa. Bebeni chupa mbili za lita moja zenye mdomo mpana. Tieni maji ya moto, zivisheni soksi nene za sufu, kisha zilazeni kichwa chini begini. Maji huanza kuganda kwa juu, na kifuniko kiko chini, kwa hiyo kitafunguka. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Fulana ya pamba iacheni kambini, ikilowa jasho haikauki, na mkisimama kidogo tu upepo unawamaliza. Soksi mbilimbili? Hapana. Zikibana buti, damu haifiki vidoleni.