Mwanangu, na tukichoma tairi?

Miaka kadhaa nilibeba kamera huku Pwani ya Kenya, si ya kuajiriwa, ile ya kulipwa kwa stori, yaani ikitoka kwa taarifa unalipwa, isipotoka nauli ya bodaboda ni hasara yako. Kwa hivyo nikiona watu mtandaoni wanaapa TV zimenunuliwa ndio maana maandamano yao hayakuonyeshwa huwa nacheka kidogo. Sisemi hazinunuliwi. Lakini mara nyingi sababu ni ya kijinga kuliko hiyo.

Kila asubuhi kuna kikao. Edita ana orodha yake, mkutano wa wizara, kesi kortini, waziri anazuru wapi, na maandamano yale yaliyotangazwa, halafu kamera ni chache na magari ni machache kuliko kamera. Sasa hapo hakuna anayeuliza hawa watu wanalilia nini, swali la kwanza ni wapi. Ukiandamana Nairobi kutoka Jevanjee kuelekea Bunge umewafuata mlangoni, wanafika hata kwa miguu. Ukiandamana Ganze, kule ndani Kilifi, unamtegemea mtu kama mimi na bodaboda yangu, na mtandao uwepo wa kutuma hiyo video kabla taarifa ya saa moja haijafungwa. Sheria inataka notisi kwa OCS, yule mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 kabla, na nimeona watu wanatimiza hiyo vizuri kabisa, polisi wanajua, ila edita hana habari.

Wanasiasa ndio wameelewa hii biashara. Umewahi kujiuliza mbona taarifa ya Jumapili usiku ni siasa tupu? Jumapili korti zimefungwa, ofisi zimefungwa, hakuna habari, na dakika za kujaza ziko palepale, basi mheshimiwa akitoka kanisani anachomoza kwa sunruf hana mshindani. Tena ana mpiga picha wake na droni yake, ikifika alasiri klipu iko kwa grupu la WhatsApp la waandishi, imekatwa pale pale alipomtukana mwenzake. Na kwa waandishi kuna gari, kuna pilau, na kuna bahasha (nilichukua? nilichukua, kodi ya nyumba haingoji).

Basi kuna siku nilipigiwa simu na kina mama fulani, sitataja kijiji. Mfereji ulikuwa umekauka miezi. Nikawakuta kama mia mbili hivi, kila mmoja na mtungi wake wa manjano wa lita 20, wamejipanga kando ya barabara hadi kwa chifu, wanaimba, wanapiga ile mitungi kama ngoma, wallahi ilikuwa picha nzuri sijapata tena kama ile. Nikatuma. Edita akaniuliza maswali mawili tu, kuna polisi? kuna moshi? Nikamwambia hapana, watu wametulia. Akasema sawa, tutaona. Jioni hiyo kulikuwa na mkutano wa siasa mjini, ukapewa laivu karibu saa nzima, wale mama hata sekunde moja hawakupata.

Kesho yake mmoja wao akanipigia. "Mwanangu, jana tulijazana kwa jirani tukingoja taarifa, mbona hatukujiona?" Nikababaika. Akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Na tukichoma tairi?"

Sikumjibu. Wiki haikuisha, tairi mbili zikawaka barabara kuu, malori yakafoleni, polisi wakaja na vitoza machozi, na safari hii edita ndiye aliyenipigia mimi, uko wapi, wahi haraka. Ilitoka stori ya pili kwa taarifa, dakika moja na nusu, usafiri watatizika. Maji yalitajwa mara moja, mwishoni.

Baadaye nikasoma kwamba Marekani wasomi walichukua vibali vya polisi vya maandamano ya Washington ya 1982 na 1991 wakalinganisha na kilichotoka kwa magazeti na TV. Mengi hayakutoka popote. Yaliyotoka ni yale ya watu wengi, ama yale ambayo jambo lake tayari lilikuwa kwa habari. Yaani ukiwa hujasikika, ugumu wa kusikika ndio unazidi. Nikawakumbuka wale mama.

Haya ya serikali kuzima TV yapo, sikatai. Januari 30, 2018 Raila Odinga akila kiapo chake cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, korti ikaagiza zirudishwe na bado zikakaa siku kadhaa, Citizen zaidi ya wiki. Juni 25, 2024 vijana wakipinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni tukiwaona laivu. Mwaka mmoja kamili baadaye, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru stesheni zote ziache laivu za maandamano, NTV na KTN zikatolewa hewani, Mahakama Kuu ikasimamisha hilo agizo siku hiyo hiyo. Watu walipiga kelele na walikuwa na haki. Lakini mimi naona hata kuzimwa ni cheo. Wale mama wa mitungi nani angejisumbua kuwazima?

Kamera niliiuza. Juzi mjukuu wa yule mama akanitafuta, nikadhani ananiita, kumbe anataka kujua laivu ya Facebook ya saa nzima inakula bando ngapi. Nikamwambia anunue GB 2, asimame upande wa shule ndio kuna mtandao, na simu ailaze, asiisimamishe. Nikamuuliza ni maji tena?

Akasema ni yale yale.