Asima ambayo haikuwa asima

Niko Lubumbashi, Katuba. Kuna dada wa kanisani aliniuliza nilifanyaje na ile filimbi ya kifua iliyonibakia kisha TB, nikaona vokali (ujumbe wa sauti) itakuwa ndefu, bora niandike.

TB nilipata 2022, nikameza dawa miezi 6, ile 2 ya kwanza vidonge vyenye dawa nne ndani, ile 4 ya mwisho dawa mbili, mkojo rangi ya machungwa mpaka unazoea. Dawa ni bure, kwa hilo sina la kulalamika. Makohozi yakatoka safi, wakasema umepona, nikarudi kwa cherehani yangu.

Miezi mitatu mbele nikaanza kusikia filimbi kwa kifua, ndoo ya maji kutoka kwa robine mpaka nyumbani napumzika mara mbili. Dispansere moja hapa wakasema asima wakanipa pompi, nikapuliza mwaka mzima, mikono inatetemeka mpaka najichoma na sindano na filimbi iko palepale. Mi nilisingizia moshi wa makala (makaa).

Aliyegundua si munganga, ni mdogo wangu wa miaka 9. Alinilalia mgongoni tukiangalia televizyo, akahamisha sikio, akarudisha, akasema "Yaya, unalia upande moja tu." (Yaya kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa.) Kushoto filimbi, kulia kimya! Njo nikatafuta docta wa mapafu, naye akaweka ile chuma baridi kulia, kushoto, akarudi tena kushoto akabaki pale, halafu swali la kwanza: ulisha kuugua TB? Akasema asima inabana pande zote mbili, filimbi ya upande mmoja inataka kuangaliwa ndani. Radio ya kifua (picha ya eksirei) ilikuwa haionyeshi kitu cha maana, akataka skana. Zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchanga pesa na kupokezana, ikaishia hapo.

Skana ikaonyesha bomba kubwa la hewa la kushoto limebaki upana wa milimita 3. TB ilikuwa imekaa kwenye ukuta wa bomba lenyewe, ilipopona ikaacha kovu, na kovu linavuta, kama kiuno cha sketi ukivuta uzi (fundi wenzangu wananielewa). Kwa hiyo dawa zilifanya kazi yake vizuri, ila kovu halimezewi kidonge, hata kotizoni kufika hapo imechelewa.

Sasa chini ya ile karatasi kulikuwa na mstari mwingine, kinundu cha milimita 15 karibu na rate, ile wengine mnaita wengu au bandama. Binamu yangu anayejua Kifaransa kuliko sisi wote akasoma "nodule", akasema ni kansa. Ile usiku mama alilia kuliko alivyolia kwa TB. Kesho yake docta akacheka, akasema ni rate ndogo ya pili. Mtoto akiwa tumboni rate inajiunga kutoka vipande vidogo, kuna wakati kimoja hakijiungi kinabaki pembeni, na kwa watu 10 unaweza kupata mmoja anayo na hajui. Haiumi, haikatwi. Ila nikumbuke kusema kama siku moja watataka kunitoa rate sababu ya ugonjwa wa damu, maana wakiacha ile ndogo inaweza kuendelea na kazi ya ile kubwa na ugonjwa ukarudi. Mama akauliza "Sasa iko na rate mbili, atakula ya watu wawili?"

Kwa bomba akanituma Johannesburg. Visa ilinitesa kuliko upasuaji, na wala upasuaji haukuwepo. Kwanza wakapima tena makohozi kuhakikisha mdudu hayupo, halafu wakanilaza, wakapitisha kamera kwa koo na kibaluni kilichokunjwa, wakakijaza maji pale penye kovu, wakakiacha kidogo, wakakitoa maji, wakarudia. Nilipoamka nilikohoa damu kidogo, koo kama nimemeza mchanga. Niliuliza juu ya kile kibomba wanachoacha ndani kushikilia njia ibaki wazi, wakasema hicho ni cha mwisho kabisa, cha chuma nyama inaweza kuota juu yake na kukitoa inakuwa shida.

Ile usiku nililala ubavu wa kulia bila mto wa pili. Sikulala kweli, nilikuwa nasikiliza.

Kovu ni jeuri lakini, linarudi. Nimefanya baluni mara 3, baada ya ya tatu wakapima milimita 9. Juma jana nikibeba ndoo nilisikia kama kafilimbi, nikamwita mdogo wangu aweke sikio. Akasikiliza muda mrefu sana, akasema "ni tumbo, Yaya, iko na njaa."