Mtungi wa mamdogo una redio juu yake

Jumapili ya juzi nilienda Mbagala kumsalimia mamdogo. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu ndani, nikaanza kutafuta pa kukaa maana chumba ni kile kile kimoja cha miaka yote, kitanda, kabati, ndoo za maji, na pembeni ya kitanda nikaona kitu kama stuli kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kina redio juu. Nikaishika redio niiweke chini nikae akanishtua, we usikalie hapo! Kufunua kitambaa, kumbe mtungi wa gesi. Kilo 6, unang'aa, hata rangi haijachubuka.

Nikamuuliza mamdogo mbona huupikii? Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema gesi iliisha zamani, ilikaa wiki mbili tu.

Mtungi wenyewe aliupata kwenye mgao, ile mitungi ya ruzuku ya nusu bei, kulikuwa na turubai na viti na mgeni rasmi, na yeye akapigwa picha ameukumbatia kama mtoto aliyezaliwa juzi. Ulikuja umejaa. Mamdogo anauza chapati na maharage jioni pale nje, kwa hiyo siyo mpishi wa chai na mayai, huyu anachemsha maharage kila siku ya Mungu, wiki mbili gesi kwisha. Akaenda kuulizia kujaza akaambiwa elfu 24. Akarudi nyumbani akachukua kitambaa akaufunika.

Sasa sikiliza hesabu yake ya mkaa. Asubuhi mkaa wa buku, mchana mkaa wa buku, siku ya maharage magumu anaongeza wa jero. Kwa mwezi ni elfu 60 na chenji. Gesi mitungi miwili ni elfu 48. Yaani mkaa unamla zaidi kuliko gesi na anajua kabisa, msije mkadhani hajui, alinipigia hiyo hesabu mwenyewe kwa vidole huku anakanda unga. Shida ni kwamba elfu 24 ya mkupuo hanayo. Ana buku. Kesho atakuwa na buku nyingine. Akikosa hata hiyo buku kuna kijana wa mkaa pale kwenye kona ana daftari, anamwandika, anamalizana naye chapati zikishauzika. Hakuna duka la gesi linalokuandika kwenye daftari.

Hapo ndipo mimi huwa napata hasira nikisikia watu wanasema wananchi wa kipato cha chini wapewe elimu ya nishati safi. Elimu ya nini? Mamdogo anaijua gesi, aliipenda, alisema sufuria hazikuwa na masizi na macho hayakuwasha. Uchumi wa kijani, yaani hizi biashara na nishati zisizoharibu mazingira, wote unauzwa kwa jumla na sisi tunanunua rejareja, kuanzia mafuta ya kula ya kupima mpaka sabuni ya kukata kipande, halafu mtu anashangaa kwa nini hatuingii.

Na si kwamba kuuza kidogo kidogo hakuwezekani. LUKU si ndo hiyo hiyo? Unaingiza umeme wa buku mbili unalala na taa. Kenya M-KOPA walianza biashara yao 2012 wakawa wanatoa sola kwa watu wa vijijini, ulikuwa unatanguliza hela kidogo halafu unalipa kama shilingi 50 za Kenya kwa siku kwa simu mpaka deni liishe sola inakuwa yako. Usipolipa inazima, na ukijumlisha zile hamsini hamsini unakuta umelipa zaidi ya bei ya taslimu, hilo siwezi kulificha, lakini angalau mtu aliyepanga mkopo alikaa chini akafikiria huyu mteja anapata hela kwa siku. Na hata gesi yenyewe, hapa hapa Dar kulikuwa na KopaGas, mtungi unafungwa mita, unalipa kwa simu gesi ya kiasi ulichonacho, ikiisha unaongeza. 2020 teknolojia yao ikanunuliwa na kampuni ya Uingereza, Circle Gas. Kwa hiyo dawa ilishagunduliwa mtaani kwetu, sema kwa mamdogo haijafika na sijui anayeijua pale kwao zaidi yangu mimi ninayeisoma kwenye simu.

Wakati huohuo juu huko mambo ni makubwa. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mwezi huo huo kulikuwa na mkutano Paris, Rais Samia akiwa mmoja wa wenyeviti, zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya kupikia Afrika. Bilioni! Na mimi sibezi, kwanza nafurahi jiko la mama limekuwa habari ya marais maana zamani lilikuwa habari ya kutaniana. Ila kila nikiiona ile namba namkumbuka mamdogo na buku yake, najiuliza hiyo hela itapita njia gani mpaka imkute pale alipo, maana kwa hesabu yangu mtungi haukuwa tatizo lake. Tatizo lilikuwa kuujaza mara ya pili.

Kuna mtu mwingine huwa hatajwi kabisa. Yule kijana wa mkaa. Nilienda kukaa naye kidogo wakati mamdogo anasukuma chapati, ana kibanda cha mabati, magunia manne, makopo ya kupimia ya rangi ya nyumba, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko. Nikamuuliza ikitokea mkaa umepigwa stop wewe utafanya nini? Akasema "nitauza hiyo gesi." Kwa mtaji gani? Akanyamaza akaanza kupanga makopo yake. Gesi inataka kibali, inataka mitungi ya kuanzia, inataka sehemu yenye usalama siyo kibanda cha bati kinachopakana na mama anakaanga mihogo. Yeye ndiye anayejua nyumba zote za mtaa ule zinapika nini na saa ngapi na nani analipa na nani msumbufu, daftari lake ni hazina kuliko utafiti wa mshauri yeyote, lakini kwenye mipango ya kijani yeye ni adui. Na nyuma yake kuna wale wanaosukuma baiskeli na magunia alfajiri barabara ya Kilwa, na nyuma ya hao kuna wachomaji huko porini, msururu mrefu wa watu wasio na kitu. Kumwambia mtu wa hivyo aache bila kumwambia ahamie wapi ni kumfukuza tu kwa lugha nzuri.

Kilosa, kule Morogoro, walijaribu kitu tofauti. Kuanzia 2012 kulikuwa na mradi wa kuleta mageuzi kwenye mkaa, TFCG ambao ni shirika la kuhifadhi misitu, MJUMITA ambao ni mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, na TaTEDO ambao ni shirika la nishati, walikuwemo, na wazo lenyewe ni rahisi mpaka linashangaza. Kijiji kinatenga sehemu tu ya msitu wake kwa ajili ya mkaa, inagawanywa vipande vipande vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti, unavuna kipande hiki unaruka kinachofuata, na ukishavuna unaviacha visiki vichipue miaka 24 ndo unarudi. Miombo inachipua vizuri tu kama hujang'oa kisiki na hujalima juu yake. Anayetaka kuchoma analipa ushuru kijijini, siyo kwa mtu mfukoni, kijijini, na vijiji vikatumia hela hiyo kwenye madarasa, zahanati, mambo ya maji. Najua kuna watu wa mazingira wakisikia "mkaa endelevu" wanajikuna, wanasema mkaa ni mkaa. Sawa. Lakini pale mwanakijiji alikuwa na sababu ya mfukoni ya kuwafukuza wavamizi msituni, na mimi naiamini sababu ya mfukoni kuliko bango.

Na Gazi kule Kwale, pwani ya Kenya, wana Mikoko Pamoja, hekta 117 za mikoko, tangu 2013 wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inainyonya, na hela inaingia kwenye maji na shule za kijiji. Baadaye Kenya wakarekebisha sheria yao ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023, mradi wa kaboni unaotumia ardhi angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka iende kwa jamii baada ya kutoa gharama. Safi. Ila ukiangalia yote haya, Kilosa na Gazi, wana kitu kimoja ambacho Mbagala hakuna. Wana ardhi. Wana msitu wa kusema huu ni wetu. Sisi wa vyumba vya kupanga tunahifadhi nini, korido? Mtu wa mjini akipewa jiko banifu la bei poa la mradi wa kaboni mara nyingi anasaini karatasi kwamba huo moshi aliopunguza haki yake ni ya mradi, anarudi nyumbani na jiko, mradi unaondoka na kinachouzwa. Asome nani hiyo karatasi, na jiko lenyewe bei poa.

Haya, turudi kwa mamdogo maana hajakaa tu anangoja.

Wana mchezo wao wanawake kumi pale mtaani, kila wiki kila mtu elfu 15, anayefikiwa anachukua laki na nusu. Mwaka jana walikubaliana kwamba mzunguko ule siyo wa kanga wala wa vyombo, kila atakayefikiwa anunue presha kuka ya umeme. Hakuna aliyewafundisha, mmoja wao alikuwa anafanya kazi za ndani Mikocheni akaiona inavyoivisha maharage bila mtu kuikalia. Mamdogo alikuwa wa saba. Wiki ya nane ugomvi ukaanza.

Nyumba ina vyumba saba na LUKU moja. Kila chumba elfu 5, mwenye friji elfu 10. Wapangaji wakaanza kusema mama chapati anatumalizia umeme, lile sufuria linatoa mlio kama treni, haliwezi kuwa halili. Mwenye nyumba akapigiwa simu. Mamdogo akanipigia mimi, wewe si umesoma njoo uwaeleze. Nikaenda. Sikueleza kitu, nilisema jamani zimeni kila kitu, friji, feni, chaja, tv ya baba Asha, wote tukasimama kwenye korido mbele ya mita tukasoma namba, tukaweka maharage nusu kilo, tukakaa. Ile nusu saa na ushee ilikuwa ndefu, mtoto mmoja kazi yake ilikuwa kutangaza namba kila ikibadilika kama mtangazaji wa mpira. Presha ikashuka, tukafungua, maharage laini, tukasoma. Haikufika nusu uniti.

Kimya. Baba Asha akasema rudieni. Tukarudia kesho yake na maharage yake yeye. Vilevile.

Sasa hapa kuna kitu kiliniuma kidogo nilipokuja kupiga hesabu. Bei ya umeme ya watumiaji wadogo, ile D1, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi kama hamvuki uniti 75 kwa mwezi. Imewekwa kwa ajili ya maskini. Lakini maskini wa mjini wanakaa vyumba saba mita moja, wakijumlishwa wote wanaonekana ni mtu mmoja mwenye matumizi makubwa, uniti inafika shilingi 350 na kitu pamoja na kodi. Mwenye nyumba yake peke yake ana balbu tatu na redio anapata bei ya huruma, familia saba zilizobanana hazipati. Simaanishi kuna mtu alikaa akapanga kuwakomoa, mita inahesabu mita, haihesabu vyumba. Lakini hiki ndo kitu kidogo ambacho mtu akikirekebisha angefanya kazi kubwa kuliko mitungi mia, na sijawahi kusikia kikiongelewa kwenye semina yoyote ya kijani.

Hata kwa hiyo 350 bado maharage ya mamdogo yanaiva kwa umeme usiofika mia mbili badala ya mkaa wa buku. Kwa hiyo kilichofuata mimi sikukitegemea kabisa. Majirani wakaanza kumletea maharage yao. Unaleta yako umeshayachagua na kuyaosha, unaacha jero, unarudi baada ya saa moja unachukua. Kande pia anapokea, makongoro bei nyingine. Vyombo vinapangwa kwenye korido vimebandikwa plasta zimeandikwa majina kwa kalamu, na nilipokuwa pale Jumapili sufuria ya tatu kwenye foleni ilikuwa imeandikwa MKAA. Nikadhani ni utani, kumbe ni ya yule kijana wa kona, anasema hana muda wa kuchochea.

Chapati bado anachomea mkaa, anasema chapati ya umeme haina uso. Sikubishana naye.

Sasa hivi anataka mita ndogo ya kufunga kwenye chumba chake tu ili wenzake wasimsemeseme na yeye ajue faida yake kamili kwa kila sufuria, mwenye nyumba ameshakubali ila kasema gharama ni za mamdogo na fundi atamchagua yeye. Mimi nimepewa kazi ya kwenda Kariakoo Jumamosi kuulizia bei. Kama kuna anayejua duka wanauza mita ndogo za kueleweka, zisizokimbia, aniandikie hapo chini, na tafadhali msinitumie za laki, nimeshawaambia mteja wangu ni nani.